Uzi wa macho makavu: inflamesheni ya uso wa jicho, vipimo, na mahali dawa mpya zinapofanyia kazi

#1 KiooChaJicho (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Swali la "nitumie matone gani kwa macho makavu?" linarudi humu kila mara, na majibu yanakuwa orodha ya majina ya chupa. Nafungua uzi huu tulijibu kwa mpangilio: machozi yanaharibikia wapi, yanapimwaje, kisha ndipo dawa. Miaka ya karibuni zimetoka dawa nyingi na kila moja ina mahali pake. Dawa nzuri ikipelekwa pasipo pake, pesa inaondoka na jicho linabaki linachoma.

Utando wa machozi una mafuta, maji na ute. Mafuta yanatoka kwenye tezi za Meibomi, ambazo matundu yake yamejipanga kwenye ukingo wa kope nyuma ya nywele: takriban 25 hadi 40 kope la juu, 20 hadi 30 kope la chini. Kazi ya mafuta ni kuzuia maji yasiruke hewani. Maji, pamoja na chumvi na protini zake, yanatoka zaidi kwenye tezi ya machozi iliyo juu ya jicho upande wa nje. Ute unatengenezwa na seli zilizomo kwenye kiwambo, ile ngozi laini inayofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, na ndio unaoyashikisha machozi kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Machozi yote yaliyotanda kwenye jicho moja ni kama mikrolita 7. Tone moja la chupa ya kawaida ni mikrolita 30 hadi 50. Anayeweka matone matatu kwa mpigo analowesha shavu.

Ukavu una milango miwili. Ama tezi ya machozi inatoa kidogo (ugonjwa wa Sjögren, ambapo kinga inashambulia tezi za machozi na mate, umri, dawa kama amitriptilini na Piriton), ama mafuta ni mabovu na machozi yanakauka upesi. Mlango wa pili ndio wa wengi, na wapo wenye yote miwili.

Vyovyote ulivyoingia, ndani ni kule kule. Maji yakipungua, chumvi ya machozi inapanda. Jicho lenye afya huwa karibu na 300 mOsm kwa lita (kipimo cha wingi wa chumvi). Kuanzia 308, au macho mawili yakitofautiana kwa zaidi ya 8, ni dalili ya ugonjwa. Chumvi hiyo inazitesa seli za juu za konea, nazo zinaachilia kemikali za kuita kinga, IL-1 na TNF-alfa, na kimeng'enya MMP-9 kinachokata viungo vinavyozishikanisha seli. Askari wa kinga aina ya T wanaitwa. Wakifika, interferoni-gama yao inaziua seli za ute na IL-17 inabomoa ukuta wa konea. Ute ukipungua, utando unapasuka haraka zaidi, chumvi inapanda tena, askari wanaongezeka. Hiyo ndiyo inflamesheni (moto wa kinga ya mwili ndani ya tishu) tunayoizungumzia, na ndiyo sababu jicho lililoanza kukaushwa na feni linaendelea kuuma hata feni ikizimwa.

Jopo la kimataifa la TFOS (chama cha watafiti wa machozi na uso wa jicho) lilipotoa ripoti yake ya pili mwaka 2017 liliiweka inflamesheni, chumvi ya machozi na hitilafu za neva ndani ya maana yenyewe ya ugonjwa. Ripoti ya tatu, ya 2025, inasisitiza kutafuta chanzo kwa kila mgonjwa na kutibu chanzo hicho. Machozi bandia yanapunguza chumvi kwa muda. Askari waliokwisha kuingia hawatoki kwa maji.

#2 fundi_miwani

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea vipimo, maana vina mpangilio na ukiupindua vinadanganya. Maswali kwanza (kwenye fomu ya OSDI, alama 13 na kuendelea si za kawaida), kisha kipimo cha chumvi kama kipo, kisha rangi, na karatasi ya Schirmer mwisho kabisa. Karatasi ile inalikera jicho na kuharibu kila kitakachofuata. Lenzi za kugusa zivuliwe mapema.

Muda wa utando kupasuka: ukanda wenye rangi ya floresini unaloweshwa kwa tone la saline (maji safi ya chumvi), maji yaliyozidi yanakung'utwa, unaugusisha kidogo tu upande wa nje wa kope la chini. Mgonjwa apepese mara tatu, kisha atazame mbele bila kupepesa. Chini ya mwanga wa bluu unahesabu sekunde hadi doa jeusi la kwanza litokee. Rudia mara tatu uchukue wastani. Chini ya sekunde 10 kuna tatizo. Chini ya 5 tatizo ni kubwa. Kosa linaloonekana sana ni kuweka rangi nyingi: utando unakuwa mnene na muda unarefuka kwa uongo. La pili ni kupima huku feni ya chumba inavuma usoni mwa mgonjwa.

Madoa: floresini inaonyesha konea, kijani cha lisamini kinaonyesha kiwambo. Zaidi ya madoa 5 kwenye konea au 9 kwenye kiwambo ni uharibifu. Angalia pia yapo wapi. Yakijaa sehemu ya chini ya konea, fikiria kope zisizofunga vizuri usingizini au mafuta mabovu. Yakijaa juu, inua kope la juu utazame mzio au mchanga uliojificha.

Schirmer: kunja karatasi kwenye alama yake, ipachike theluthi ya nje ya kope la chini isiguse konea, mgonjwa afumbe macho taratibu dakika 5. Milimita 5 au pungufu ni ukavu wa maji, na ndicho kiwango kinachotumika pia kwenye vigezo vya Sjögren vya 2016. Ila kipimo hiki hubadilika sana siku hadi siku, kwa hiyo usimpe mtu ugonjwa wa maisha kwa karatasi moja.

Kuna kipimo cha haraka cha MMP-9: unagusisha sifongo kwenye kiwambo mara kadhaa, na ndani ya dakika 10 mstari unatokea kimeng'enya kikizidi nanogramu 40 kwa mililita. Kinasema inflamesheni ipo. Hakisemi imetoka wapi, maana mzio nao unakiwasha.

Pasipo na mashine yoyote, kidole kinatosha kuanzia. Bonyeza katikati ya kope la chini, karibu na ukingo, sekunde 10 hadi 15. Mafuta yenye afya ni maangavu na mepesi. Yakiwa na ukungu, au yakitoka mazito kama dawa ya meno, au yasipotoka kabisa, umeshaujua mlango.

#3 MfamasiaWaZamu

Nachukua upande wa dawa, nikifuata lile duara la #1.

Zinazogonga askari T. Siklosporini ndiyo kongwe: inafunga kimeng'enya kalsinyurini ndani ya seli T ili isiwake. Restasis ya asilimia 0.05 iliidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Desemba 2002, mara mbili kwa siku. Ikervis ya 0.1 ilifuata Ulaya 2015, mara moja usiku. Taabu ya siklosporini ni kwamba haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo ilibidi iwekwe kwenye emulsheni (mafuta yaliyochanganywa na maji), nayo inachoma na dawa nyingi haiingii kwenye tishu. Utafiti wa miaka hii umehangaika na kibebeo hicho. Cequa (0.09, mwaka 2018) inatumia vifuko vidogo mno vya kuibeba kwenye maji. Vevye (0.1, mwaka 2023) imeondoa maji kabisa: dawa imeyeyushwa kwenye kimiminika cha perfluorobutilipentani, tone ni kama mikrolita 10 tu, na haihitaji kihifadhi (kemikali ya kuzuia vijidudu ndani ya chupa).

Lifitegrasti ya asilimia 5 (Xiidra, Julai 2016) inazuia askari T asikamate mlango unaoitwa ICAM-1, kwa hiyo haingii kwenye tishu wala hawashwi. Mara mbili kwa siku. Watu wengi wanalalamika ladha mbaya mdomoni. Dawa imeteremka kupitia mfereji wa machozi hadi kooni. Bonyeza kona ya ndani ya jicho dakika 2 baada ya kuweka, ladha inapungua.

Steroidi inazima moto wote kwa haraka. Loteprednoli ya 0.25 (Eysuvis, 2020) iliidhinishwa kwa ukavu wa macho, lakini kwa wiki mbili tu za kuuzima mlipuko.

Zisizogusa kinga moja kwa moja. Tyrvaya (2021) ni dawa ya kupuliza puani, miligramu 0.03 kila tundu mara mbili kwa siku. Dawa iliyomo, varenisilini, inaamsha neva ya pua na tezi zinatoa machozi. Kupiga chafya ni jambo la kutarajia. Miebo (2023) ni perfluoroheksiloktani tupu, mara nne kwa siku. Haina maji, haina kihifadhi, inatanda juu ya machozi mahali pa mafuta yaliyokosekana. Chupa yake ina namna yake: ibonyeze kidogo ikiwa wima, igeuze kichwa chini, iachie ivute hewa, ndipo ubonyeze tena kwa tone moja. Usipofanya hivyo yanamwagika matone mengi. Tryptyr (Mei 2025) ni akoltremoni ya 0.003, inayogusa TRPM8, kipokezi cha ubaridi kwenye neva za konea, kile kile ambacho kwa kawaida huliambia jicho litoe machozi utando unapopoa. Japani wao walikwishakuwa na dikuafosoli ya asilimia 3 tangu 2010 na rebamipidi ya 2 tangu 2012, ambazo zinaongeza ute.

Ukiitazama ramani hiyo utaona kwa nini Miebo haimfai mtu ambaye tezi yake ya machozi imekufa, na kwa nini siklosporini peke yake haifungui tundu la mafuta lililoziba.

#4 zawadi_tz

MfamasiaWaZamu shikamoo. Mgonjwa akianza siklosporini na ikifika wiki ya tatu macho yanawaka kuliko mwanzo, hiyo ni dalili kwamba imemkataa? Na inahifadhiwaje, maana chumba cha Dar mchana kinajulikana.

#5 MfamasiaWaZamu

Marahaba. Hapana, wiki ya tatu ni mapema mno. Kwenye majaribio ya Restasis, watu 17 kati ya 100 walisikia kuchoma, na hilo liko kwenye maelezo ya dawa yenyewe. Siklosporini inazuia askari wapya wasiwake; waliokwisha kuwaka wanamaliza muda wao. Ndiyo maana nafuu huhesabiwa kwa miezi 3 hadi 6. Wengi wanaoacha huacha mwezi wa kwanza, kabla dawa haijapata nafasi.

Njia inayotumika ni kujenga daraja. Daktari anaanza na steroidi nyepesi, kwa mfano loteprednoli ya 0.5 mara nne kwa siku wiki mbili, kisha mara mbili kwa siku wiki mbili, na siklosporini inaanza humo humo. Presha ya jicho ipimwe kabla na baada. Machozi bandia yasiyo na kihifadhi yakitangulia dakika 15, kuchoma kunapungua. Emulsheni igeuzwe juu chini mara kadhaa hadi iwe nyeupe sawasawa, kisha tone moja.

Hifadhi: chini ya nyuzi 25, isigande. Kabati lililo mbali na jua, upande wa nyumba wenye hewa. Si dashibodi ya gari wala friza. Emulsheni ikiganda mafuta yanajitenga na hutaweza kuyarudisha. Maumivu makali, usaha au kuona ukungu ghafla ni jambo jingine kabisa: hapo simamisha na uende hospitali siku hiyo hiyo.

#6 KopeNaMafuta

Mmeiruka sehemu iliyo na wagonjwa wengi kuliko zote: kope. Ukiona mafuta mazito kama dawa ya meno aliyoyataja fundi_miwani, anza hapa kabla ya chupa yoyote.

Joto. Upande wa ndani wa kope ufike nyuzi 40 hivi na ukae hapo. Taulo moja ya maji moto inapoa ndani ya dakika mbili, na hilo ndilo linalowafanya watu waseme "nimekanda, haikusaidia". Chukua taulo ndogo nne au tano, zilowe, zikamuliwe, zikunjwe zote pamoja kama fungu, zipashwe. Tumia ya nje kwanza, na kila dakika mbili badilisha na ya ndani yake ambayo bado ina moto. Dakika 10, kila siku, kwa wiki kadhaa. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono. Ikichoma mkono itachoma kope. Baada ya joto, kidole kisafi kinasukuma kope la juu kuelekea chini na la chini kuelekea juu, kwa ukingoni tu. Usilikande jicho lenyewe. Kwa mtu mwenye konea inayochongoka, au kijana aliyezoea kufikicha macho kwa mzio, kulikandamiza jicho lenye moto kunaweza kuiharibu konea zaidi.

Usafi. Ukurutu wa kope unafutwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu au dawa maalumu ya kope. Shampuu ya watoto iliyozimuliwa imependekezwa miaka mingi, lakini jaribio la 2018 lililoilinganisha na kisafishio cha kope lilionyesha inapunguza ute wa jicho, kwa hiyo mimi siipendekezi tena. Wanja uwekwe nje ya mstari wa nywele, usipakwe kwenye ukingo wa ndani ambako ndiko matundu yaliko, na ule wa kusagwa usio na kiwanda una hatari ya kuwa na madini ya risasi.

Mirija myeupe iliyoganda kwenye mashina ya kope ni alama ya Demodeksi, wadudu wadogo sana aina ya utitiri. Kwa hao Marekani iliidhinisha lotilaneri ya 0.25 (Xdemvy) Julai 2023, mara mbili kwa siku wiki 6. Mafuta ya mti wa chai yanawaua pia, lakini yakiwa makali yanaunguza konea, kwa hiyo si ya kujichanganyia nyumbani.

Doksisiklini miligramu 50 hadi 100 kwa siku, kwa wiki kadhaa, inasaidia kwa sababu inaizuia MMP-9, si kwa kuua vijidudu tu. Isimezwe pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa ya kiungulia. Imezwe kwa maji mengi na mtu asilale papo hapo, maana inachoma koo la chakula. Wajawazito na watoto chini ya miaka 8 hawapewi. Mbadala ni azithromisini: miligramu 500 siku ya kwanza, 250 kwa siku nne.

Sasa mashine ya mwanga mkali, IPL. Inatangazwa sana na imeidhinishwa Marekani tangu 2021. Melanini ya ngozi inaunyonya mwanga ule. Ngozi nyeusi ikipigwa inaweza kuungua na kuacha madoa, na mashine nyingi zimewekewa mipaka inayoziacha nje ngozi za namna yetu. Kliniki ikikuuzia IPL, uliza kwanza: imeruhusiwa kwa rangi ya ngozi hadi ipi? Mashine za kupasha kope kwa joto la takriban nyuzi 42 kwa dakika 12 na kukamua hazina tatizo hilo la rangi.

#7 msafiri_wa_pwani

Nauliza mawili. Mafuta ya samaki yanasaidia au ni biashara? Na matone ya seramu ya damu ya mgonjwa mwenyewe, yanatengenezwaje?

#8 Maabara_Baridi

Mafuta ya samaki: jaribio la DREAM, lililochapishwa 2018, liliwapa watu miligramu 3,000 za omega-3 kwa siku au mafuta ya zeituni, jumla ya washiriki 535, kwa miezi 12. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Kula samaki ni vizuri kwa mwili, ila usiache tiba ya kope ukanunue vidonge.

Seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda): inafaa kwa ukavu mkali na vidonda vya konea visivyopona, kwa sababu ina vitamini A na vichocheo vya ukuaji ambavyo machozi bandia hayana. Mgonjwa anapimwa HIV, homa ya ini B na C, na kaswende. Damu inatolewa kwenye mirija isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, inaachwa saa 2 igande vizuri, inazungushwa kwenye mashine kwa nguvu ya mara 3,000 ya mvutano wa dunia, dakika 15. Seramu inayobaki juu inachukuliwa ndani ya kabati la hewa safi, inazimuliwa kwa saline hadi asilimia 20, inagawiwa kwenye chupa ndogo zilizosafishwa kwa mvuke. Zinazosubiri zikae nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa muda wa hadi miezi 3. Inayotumika ikae kwenye friji ya kawaida, ifunikwe isipate mwanga kwa sababu vitamini A inaharibika, na ibadilishwe kila siku au mbili. Kinachoharibu kazi ni haraka: damu isiyoganda kabisa inaacha nyuzi, na iliyotikiswa inapasua seli nyekundu, seramu inakuwa ya waridi. Hiyo inamwagwa. Seramu haina kihifadhi chochote, na ni chakula cha bakteria. Pasipo na maabara yenye usafi wa uhakika, msijaribu.

Na usafi si wa seramu peke yake. Mwaka 2023 Marekani machozi bandia yasiyo na kihifadhi yaliyochafuliwa na bakteria sugu ya Pseudomonasi yaliwafikia wagonjwa 81 katika majimbo 18. Wanne walifariki, 14 walipoteza uwezo wa kuona, wanne wakang'olewa jicho. Chupa yenye dozi nyingi isiyo na kihifadhi lazima iwe na vali inayozuia hewa na machozi kurudi ndani. Isiyo na vali, usiinunue.

#9 KiooChaJicho

Neno kuhusu kuisoma tafiti zenyewe, maana kichwa cha habari kikisema "dawa mpya ya macho makavu yafanikiwa" watu wanakimbilia kuagiza.

Dawa nyingi za ugonjwa huu zinaanguka kwenye majaribio, na sababu kubwa ni kwamba kundi la kulinganisha linapewa matone yasiyo na dawa, nayo ni maji yanayolainisha jicho. Yanatibu. Pia watu hujiunga na jaribio macho yakiwa mabaya zaidi, kwa hiyo baadhi wangepata nafuu hata bila kitu. Juu ya hapo, FDA inataka dawa ionyeshe kazi kwenye dalili anazosikia mgonjwa na kwenye ishara anazoziona daktari, na hivyo viwili haviendi pamoja kwa ugonjwa huu. Dawa ya majaribio reproxalapi, inayokamata kemikali za inflamesheni ziitwazo aldehaidi, ilirudishwa na FDA bila idhini 2023 na tena Aprili 2025.

Kwa hiyo tazama jaribio lilipima nini. Akoltremoni ilipimwa kwa Schirmer kuongezeka milimita 10 au zaidi siku ya 14: waliofika huko walikuwa zaidi ya 4 kati ya 10, na kwa matone matupu chini ya 2 kati ya 10. Hiyo ni dawa inayotoa maji, haraka. Majaribio ya GOBI na MOJAVE ya Miebo yalichukua watu wenye tezi za mafuta mbovu, wiki 8, yakapima madoa ya konea na ukavu anaosikia mtu. Huwezi kuchukua namba za moja ukazilinganisha na za nyingine.

#10 DktKiwambo

Wadau wote mmesema vizuri. Mimi naongea kuhusu yale yanayofanana na ukavu katika nchi zetu na kutibiwa kimakosa.

La kwanza ni mzio wa macho wa watoto. Mtoto anawashwa, weupe umekuwa wa udongo, kuna vinundu chini ya kope la juu. Dukani anapewa matone ya deksamethasoni yaliyochanganywa na antibayotiki. Jicho linatulia ndani ya siku mbili, kwa hiyo mzazi anarudi kununua, miezi na miezi. Steroidi inapandisha presha ya jicho bila maumivu, neva inakufa, na mtoto wa jicho unaanza. Matone yale yana kazi yake, lakini chini ya mtu anayepima presha. Mzio mkali wa namna hiyo una siklosporini na takrolimasi.

La pili, vitamini A. Mtoto asiyeona jioni, mwenye doa la povu jeupe pembeni ya weupe wa jicho, hana "macho makavu" ya kwenye uzi huu. Anahitaji vitamini A leo: uniti 200,000 kwa aliyezidi mwaka mmoja, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, irudiwe kesho yake na tena baada ya wiki mbili angalau. Konea yake inaweza kuyeyuka ndani ya siku chache.

La tatu, makovu. Trakoma ya muda mrefu, na Stevens-Johnson (mzio mkali unaobabua ngozi na macho) iliyoletwa na dawa kama nevirapini au kotrimoksazoli, zinaua seli za ute na kuziba mifereji. Hapo kope zilizopinda zirekebishwe kwanza. Nywele inayoikwaruza konea haishindwi na matone.

La nne, plagi za kuziba matundu yanayopitisha machozi kwenda puani. Ni nzuri kwa ukavu wa maji, lakini zikiwekwa wakati inflamesheni inawaka, zinayafungia ndani machozi yaliyojaa sumu zile zile za #1. Zima moto kwanza.

Kuna pia mtu anayeumia sana na vipimo vyote ni vizuri. Weka tone moja la ganzi kliniki. Maumivu yakiisha, chanzo kiko juu ya jicho. Yakibaki, neva zenyewe zimeharibika ndani zaidi na matibabu ni ya maumivu ya neva. Ganzi hiyo isiondoke kliniki kwa hali yoyote. Ikitumiwa nyumbani konea inaoza.

#11 dereva_mkuu

Daktari asante. Mtu wa bodaboda, upepo na vumbi siku nzima, mafuta ya kope ni mazito kidogo, vipimo havijawa vibaya sana. Apange vipi siku yake kwa vitu vinavyopatikana?

#12 DktKiwambo

Kofia yenye kioo, na kioo kishushwe. Kama hana, miwani inayofunika pembeni. Hilo linatangulia yote.

Asubuhi kabla ya kutoka, fungu la taulo dakika 10 na kusukuma kope kama alivyoeleza KopeNaMafuta. Mchana, machozi bandia ya kaboksimethiliselulosi 0.5 au hailuroneti ya sodiamu. Mara nne kwa siku, ya kawaida yanatosha; zaidi ya hapo atafute yasiyo na kihifadhi, kwa sababu benzalkoni kloraidi inayowekwa kwenye chupa nyingi inaziua seli za ute na kulegeza konea, na mtu anaishia kukaushwa na dawa yenyewe. Chupa yenye kihifadhi itupwe siku 28 baada ya kufunguliwa. Kichupa cha dozi moja kikishafunguliwa kisilale hadi kesho.

Kuweka: nawa mikono, vuta kope la chini, tone moja, fumba macho dakika moja bila kupepesa, bonyeza kona ya ndani. Dawa ya pili isubiri dakika 5 hadi 10, jeli baada ya matone, marhamu mwisho wa yote na usiku tu kwa sababu inatia ukungu. Vumbi likiingia, asioshe kwa maji ya chai wala maziwa ya mama, saline safi. Akiwa na simu apepese kwa makusudi, kope zikutane kabisa, maana mbele ya skrini kupepesa kunashuka hadi theluthi ya kawaida.

Aendelee hivyo wiki 6. Dalili zisipopungua, arudi kwa fundi_miwani apimwe madoa na kope. Akikutwa na madoa au kiwambo chekundu, hapo ndipo mazungumzo ya siklosporini yaanze. Jicho moja likiuma ghafla, likiogopa mwanga au likiwa na doa jeupe kwenye konea, asisubiri hata usiku mmoja.